Bata mwitu wanaolea vifaranga majarubani: tuwatazame kabla ya kufyeka kingo na kufunga maji

Mleta uzi (Mabogini, Moshi Vijijini)

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Kila masika yanapokolea huku kwetu kwenye skimu ya umwagiliaji wa mpunga ya Lower Moshi huzuka mjadala uleule kuhusu bata mwitu. Mmoja atasema ni wezi wa mpunga, mwingine atasema ni kitoweo kilichojileta chenyewe, na karibu wote huwazungumzia kama kundi linalotua usiku na kutoweka alfajiri. Ni wachache waliowahi kukaa kando ya jaruba, yaani kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa kingo za kushika maji, wakaifuatilia familia moja tangu mayai hadi vifaranga wanapoweza kuruka. Nimekuwa nikifanya hivyo kwa misimu kadhaa, na nimefikia maoni ambayo ningependa tuyajadili kwa utulivu: katika mashamba ya umwagiliaji kenge na mwewe hula vifaranga wengi, lakini tarehe ya kufyeka kingo na tarehe ya kufunga maji ndizo zinazoamua kama familia nzima itapona au itapotea.

Kwa wasiopafahamu, skimu hii ilikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, na inachukua maji ya mito ya Rau na Njoro kuyapeleka kwenye mashamba ya Mabogini, Chekereni, Oria na maeneo jirani. Maji yamekuwa hayatoshi tangu wakulima walioko juu ya banio, yaani pale maji ya mto yanapochepushwa kuingia mferejini, nao walipoanza kulima mpunga, kwa hiyo tunayapata kwa zamu. Ukisimama kwenye tuta la mfereji mkuu utaona eneo moja limejaa maji, la pili limekauka hadi udongo umepasuka, na la tatu linavurugwa kwa pawatila, ile trekta ndogo ya mkono. Kwa mkulima hali hiyo ni kero ya kila msimu, lakini kwa bata ina maana kwamba siku zote kuna mahali penye maji ya kina kifupi, ilimradi awe na uwezo wa kufika huko.

Bata ninayemzungumzia ni yule mwenye uso mweupe, kisogo cheusi, kifua cha rangi ya hudhurungi na miguu mirefu inayomfanya asimame wima, ambaye usiku hupita juu ya nyumba zetu akipiga mluzi wa sauti tatu. Wanasayansi humwita Dendrocygna viduata, na anapatikana katika sehemu kubwa ya Afrika kusini ya Sahara, Madagaska, na hata Amerika Kusini. Dume na jike wanafanana kabisa kwa rangi, kwa hiyo anayekuambia kwamba amemtambua dume kwa kumtazama kwa mbali anakufurahisha tu. Tusiwachanganye na bata wageni wanaokuja kutoka Ulaya na Asia kati ya Oktoba na Machi, kwa sababu wale hawazalii huku. Ukiona vifaranga, hao ni wenyeji.

Katika kiangazi bata hawa hukaa kwa makundi makubwa, lakini mvua zikianza kundi huvunjika na kila jozi hujitafutia pake. Kiota ni kishimo tu kilichokandamizwa ndani ya nyasi ndefu, na katika mashamba yetu nyasi ndefu zilizobaki ziko kwenye kingo za majaruba na pembezoni mwa mifereji ya kutolea maji. Jike hutaga yai moja kwa siku, kwa kawaida kati ya 6 na 12, na hawaanzi kuatamia mpaka mayai yakaribie kutimia, ndiyo maana vifaranga wote huanguliwa karibu kwa wakati mmoja ijapokuwa mayai yalitagwa kwa siku tofauti. Kuatamia huchukua takriban wiki nne. Dume na jike hupokezana kiotani, jambo ambalo bata wengi hawalifanyi, na aliyepumzika huonekana akijilisha kwenye jaruba la karibu huku akiwa ameinua shingo muda wote. Ukitaka kujua kiota kilipo bila kukikanyaga, mfuatilie huyo wa nje jioni: ataondoka majini akitembea, hataruka, na mahali atakapoingia nyasini ndipo penyewe au karibu napo.

Vifaranga huzaliwa wakiwa na macho wazi na manyoya laini ya rangi ya kijivu na njano, na kati ya saa chache na siku moja hivi baada ya kuanguliwa wanaondoka kiotani na hawarudi tena. Wanaweza kuvumilia safari hiyo ya kwanza kwa sababu mabaki ya kiini cha yai yamebaki matumboni mwao na yanawatosha kwa siku za mwanzo. Mzazi mmoja hutangulia, mwingine hufuata nyuma, na vifaranga hubaki katikati. Wazazi hawawalishi. Kazi yao ni kuwapeleka mahali penye chakula, kuwafunika kwa mabawa wakati wa baridi na mvua, na kulinda. Kifaranga hujitafutia mwenyewe viluwiluwi vya mbu, wadudu wa majini, konokono wadogo na mbegu za magugu, na katika wiki za mwanzo anahitaji wadudu zaidi ya nafaka kwa sababu anajenga mwili haraka.

Ulinzi wao ndio unaonivutia zaidi. Mwewe akionekana, mzazi hutoa mluzi mfupi wa aina tofauti, na vifaranga ama huzama au hujibana kwenye mashina ya mpunga wakatulia kabisa. Mbwa au mtu akikaribia kupita kiasi, mzazi mmoja hujitokeza wazi na kujipigapiga juu ya maji kana kwamba amevunjika bawa, akamvuta adui upande wa pili, huku mwenzake akiwaongoza watoto kimyakimya kupitia tundu la kuingizia maji hadi jaruba linalofuata. Watoto wa hapa kijijini huamini kabisa kwamba amevunjika, wakamkimbiza hadi anaporuka mbele ya pua zao.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu ndipo penye hoja. Mbegu za muda mfupi kama IR 64 hukomaa kwa takriban miezi minne. Ukiondoa wiki tatu za kitaluni, mpunga hukaa jarubani kama siku 99, na maji hufungwa wiki mbili hivi kabla ya kuvuna, yaani karibu siku ya 85 tangu kupandikiza. Bata aliyeanza kutaga wiki ileile tuliyopandikiza atatumia siku 10 kutaga, siku 28 kuatamia, na vifaranga watahitaji wiki nane kabla ya kuweza kuruka. Jumla ni siku 94. Kwa maneno mengine, hata jozi iliyowahi kuliko zote itakaukiwa na maji zaidi ya wiki moja kabla watoto hawajaruka, na jozi iliyochelewa kwa wiki mbili tu itakaukiwa watoto wakiwa na umri wa mwezi mmoja na siku chache. Hapo familia inalazimika kutembea kwa miguu kutafuta eneo lenye zamu ya maji, kuvuka barabara za shamba na mfereji mkuu uliosakafiwa kwa saruji, ambao kifaranga akitumbukia hawezi kupanda kutoka.

Na kabla ya hapo kuna jaribio jingine. Sisi hufyeka kingo wiki mbili au tatu baada ya kupandikiza, ili panya wasipate maficho na tuweze kupita tunapoweka mbolea. Huo ndio wakati ambapo bata wako juu ya mayai. Jozi iliyopoteza mayai huweza kutaga tena, lakini hesabu yao ya siku inaanza upya wakati ya mpunga imesonga mbele.

Ningependa kusikia kutoka kwa wenye mashamba mengine ya umwagiliaji, na hasa wanaopinga.

Mkulima wa Mbarali

Mleta uzi, nimekusoma kwa makini na nakubali kwamba hesabu yako ya siku imenyooka. Lakini wewe unawatazama kwa darubini na sisi tunawatazama kwa hasara. Huku Usangu wengi wetu hatupandikizi, tunamwaga mbegu moja kwa moja kwenye tope, kwa sababu shamba ni kubwa na vibarua wa kupandikiza ni ghali. Bata hao hushuka saa mbili au tatu usiku, na asubuhi unakuta duara tupu katikati ya shamba, mbegu zimekwisha na zilizosalia zimekanyagwa. Mtu analazimika kusia upya, na mbegu ya pili huchelewa kukomaa, kwa hiyo huvunwa wakati kwelea kwelea, wale ndege wadogo walao nafaka, wameshafika. Tunaamia mara mbili: usiku bata, mchana kwelea. Kama kila ukingo utaachiwa nyasi ili bata wazaliane, nani atakesha kwenye dungu?

Mleta uzi

Mkuu, hasara ya mbegu iliyomwagwa ni ya kweli na sikusudii kuipunguza. Jambo hilo linafahamika hata katika mashamba ya mpunga ya delta ya Mto Senegal, ambako bata wa jamii hii wamelalamikiwa kwa miaka mingi katika kipindi cha kusia. Ninachokiomba ni kwamba tutenganishe vipindi, kwa sababu madhara ya bata hayako sawa msimu mzima.

Hatari kubwa iko kwenye mbegu iliyosiwa na mche mchanga uliozama majini. Bata huyu hujilisha kwa kupekua ndani ya maji ya kina kifupi, kwa hiyo shamba lililosiwa ambalo maji yamesimama ni meza aliyoandaliwa. Kama ardhi yako imesawazishwa vizuri na unaweza kuitoa maji ukabakiza tope lenye unyevu kwa siku za mwanzo, hatavutiwa nalo kama lile lililofurika kwa jirani. Kuamia usiku kwa siku hizo chache kuna maana, na taa zinazohamishwahamishwa husaidia zaidi ya makopo, kwa kuwa wanazoea haraka kelele inayotoka mahali pamoja.

Mche ukishashika na kuota marefu, hali inabadilika. Mpunga unapobeba mimba na kutoa masuke, bata hawezi kutua juu ya suke kama kwelea. Atakula nafaka zilizolala au zilizopukutika, na baada ya mavuno atakula masalia. Kwelea mmoja hula takriban gramu 10 kwa siku, na huja kwa makundi ya maelfu kwa maelfu, mchana, juu ya masuke yenyewe. Kumhesabia bata hasara ya Juni inayoletwa na kwelea, kwa sababu tu ya kosa lake la Machi, si haki.

Na kuna familia na kundi. Waliokumalizia mbegu usiku ni kundi la makumi au mamia ambalo bado halijavunjika. Jozi yenye vifaranga haiwezi kusafiri usiku kwenda shamba la mbali, kwa sababu watoto hawaruki. Inaishi katika majaruba machache yaleyale, mpunga ukiwa umeshafunga nafasi kati ya miche, na vifaranga wanakula viluwiluwi na konokono. Ukitaka kujua nani amepita, angalia tope asubuhi: nyayo zenye utando zikiwa nyingi na zimekwenda ovyo ni kundi, lakini zikiwa kubwa mbili na nyingine ndogo ndogo katikati, hiyo ni familia.

Niongeze jambo moja ambalo halihitaji upole. Kuna watu wanaotega bata kwa nafaka zilizochanganywa na sumu. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, utegaji wa ndege kwa kabofurani, sumu ya kuulia wadudu, umeshaandikwa na watafiti, na ndege hao waliuzwa kama nyama. Mwaka 2009, baada ya sumu hiyo kuhusishwa pia na vifo vya simba, mtengenezaji alitangaza kununua upya akiba iliyokuwa madukani Kenya. Sumu hiyo hushambulia mishipa ya fahamu ya ndege na ya binadamu kwa njia ileile. Anayeuziwa bata mwitu sokoni bila kujua alivyokufa anahatarisha nyumba yake.

Mfugaji wa Kinangop

Ndugu mleta uzi, mimi niko nyanda za juu, Kenya, ambako hakuna mpunga. Tunalima viazi na kabeji, tunafuga ng'ombe wa maziwa, na karibu kila shamba la ukubwa wa kutosha lina bwawa lililochimbwa ili mifugo ipate maji wakati wa ukame. Bata wa kwetu ni yule mwenye mdomo wa njano, Anas undulata, na nimeona kwamba maisha ya familia yake ni tofauti sana na uliyoyaeleza, kwa hiyo nadhani ni vyema kuyaweka hapa ili wasomaji wasidhani bata wote ni wamoja.

Kwa bata huyu, mama analea peke yake. Dume huonekana akimfuata jike wakati wa kuchagua mahali na kutaga, kisha huondoka, na tangu hapo utamwona na madume wenzake kwenye bwawa lingine. Jike hung'oa manyoya laini ya kifuani mwake na kuyatandika kiotani, na anapotoka kwenda kula huyavuta yakafunika mayai, yakayahifadhi joto na kuyaficha macho ya kunguru. Mleta uzi hakutaja manyoya kwenye kiota cha bata wake, na ninavyofahamu bata wale hawayatumii, pengine kwa sababu wakiwa wawili mayai hayabaki wazi kwa muda mrefu.

Kwa sababu mama ni mmoja, hawezi kutangulia na kufuata nyuma kwa wakati mmoja. Nimemwona akivuka malisho na watoto wake kutoka kiotani hadi bwawani, umbali ambao ng'ombe huumaliza kwa dakika chache, akisimama mara nyingi kuwasubiri waliokwama kwenye nyayo za ng'ombe zilizojaa maji. Vifaranga wake huchukua karibu wiki kumi kabla ya kuruka, muda ambao ni mrefu zaidi ya ule wa bata wenu. Bwawa halifungwi kama jaruba, na hilo ni jambo jema kwao, lakini kiangazi kikali kinaweza kulishusha hadi likabaki tope, na mbwa wa shamba wanajua hilo mapema kuliko sisi.

Adui mwingine wa kwetu ni bata bukini wa Misri, ambaye jozi moja hulimiliki bwawa zima na kufukuza kila bata mwingine. Jozi tuliyonayo ilizalia juu ya kiota kikuukuu cha fundichuma, ndege anayejenga kiota kikubwa cha vijiti, kwenye mti wa mgunga, na watoto waliruka kutoka huko juu wakaanguka kwenye nyasi bila kuumia. Wake kwa waume wanalinda watoto wao kwa ukali ambao hata ndama anauheshimu. Tangu walipohamia, bata wa mdomo wa njano wameonekana kwa nadra kwenye bwawa letu na wamehamia la jirani.

Mama wa Kuku (Same)

Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya wataalamu. Mwanangu alikuta vifaranga watano kwenye mfereji wa saruji wakihangaika, hakuona mzazi, akawaleta nyumbani kwenye ndoo. Nina kuku anayeatamia. Je, nimwekee usiku awalee? Na wakikua, wataweza kupandishwa na bata wangu?

Mleta uzi

Dada yangu, ushauri wangu ni kwamba warudishwe leo hii kabla jua halijazama, karibu na mahali walipookotwa lakini nje ya mfereji, kwenye nyasi zilizo jirani na maji, kisha kijana wako aondoke kabisa, asimame mbali mahali ambapo haonekani. Wazazi wa bata hawa kwa kawaida huwa karibu na hawajitokezi mtu akiwapo. Harufu ya mkono wa binadamu haiwafanyi wawakatae, hilo ni wazo lililozoeleka tu. Watawaita kwa mluzi na vifaranga wataitikia.

Kuhusu kuku, ataweza kuwafunika na kuwapa joto, na kama ni wachanga wa siku moja wataweza hata kumfuata. Konrad Lorenz, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili, alionyesha kwa bata bukini kwamba kifaranga hujifunga kwa kiumbe anayemwona akitembea mbele yake katika saa za kwanza za uhai wake, hata akiwa binadamu. Lakini kuku hawezi kuwafikisha kwenye maji, wala hajui mluzi unaomaanisha mwewe. Watakua wakiwa hawamwogopi mbwa wala mtu.

Kuhusu kuwapandisha na bata wako, bata wengi tunaofuga vijijini, wale wenye nyama nyekundu usoni, asili yao ni Amerika ya Kati na Kusini na mayai yao huchukua wiki tano kuanguliwa. Si ndugu wa karibu wa hawa, na hawatakupatia kizazi cha maana. Lipo pia suala la magonjwa: Januari 2017 nchini Uganda mafua makali ya ndege yaliwaua ndege wa porini kando ya Ziwa Viktoria na yakaonekana pia kwa bata na kuku wa kufugwa. Kuchanganya wa porini na wa nyumbani kwenye banda moja ni kufungua mlango huo kwa hiari. Zaidi ya hayo, bata mwitu ni mnyamapori, na kumfuga bila kibali ni kosa kisheria.

Mwambie kijana atafute kipande cha ubao chenye mikwaruzo au tawi refu lenye majani, akilaze ndani ya mfereji kuanzia majini hadi juu ya ukingo. Sisi tumeweka matawi ya aina hiyo kwenye sehemu ambazo familia huvukia, na vifaranga huyatumia kupanda. Mtu wa zamu ya maji aarifiwe, asije akayaondoa akidhani ni uchafu.

Afisa Ugani Mstaafu

Nimefuatilia uzi huu tangu mwanzo na naona jambo moja halijaguswa. Wakulima wanahimizwa kuingia kwenye kilimo shadidi, ambacho Mwea nchini Kenya kilianza kujaribiwa mwaka 2009 na ambacho kimeshafika katika skimu kadhaa za Tanzania. Mche hupandikizwa ukiwa na siku 8 hadi 12, mmoja mmoja kwa nafasi pana, na jaruba halikai na maji muda wote: hujazwa, huachwa likauke hadi nyufa ndogo zionekane, kisha hujazwa tena. Maji yanaokolewa, na mahali penye uhaba kama Lower Moshi nisingemshauri mkulima aache.

Kwa familia ya bata, hata hivyo, hesabu ya mleta uzi inavunjika kabisa. Hawangoji siku ya 85 kukaukiwa, wanakaukiwa mara kwa mara tangu mwanzo. Viluwiluwi hufa jaruba linapokauka, na nafasi pana kati ya miche humwacha kifaranga wazi mbele ya mwewe kwa muda mrefu kabla mpunga haujafunga. Sisemi haya kumkatisha tamaa mtu. Nasema kwamba mahali pa bata katika mfumo huo hapawezi tena kuwa jarubani, patakuwa kwenye mifereji ya kutolea maji na kwenye vile vidimbwi vya pembeni ambavyo kila mradi hupendekeza kuvifukia. Mifereji hiyo ikiachiwa mafunjo na matete upande mmoja, ikasafishwa upande wa pili, maji yatapita na bata watapata mahali pa kukaa.

Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo, na nashukuru kwa mchango huo, kwa sababu umeyaondoa mazungumzo kwenye jaruba la mtu mmoja na kuyapeleka kwenye skimu nzima. Nimewaona bata wakifanya hivyo hasa: maeneo yanapokaushwa kwa zamu, familia haiendi kwenye jaruba jipya moja kwa moja, hukaa kwanza kwenye mfereji wa kutolea maji, mchana kutwa wakiwa wamejibanza chini ya matete, na usiku ndipo huhama. Mfereji uliosafishwa pande zote mbili kwa wakati mmoja huwaondolea kituo hicho.

Kwa upande wa kingo, sisi majirani wa eneo moja tumekubaliana utaratibu ambao haujamgharimu mtu chochote. Tunafyeka ukingo mmoja tunaoutumia kupita na mbolea, na ule unaopakana na mfereji wa kutolea maji tunauacha hadi vifaranga waondoke, ndipo tunaufyeka. Mwenye hofu ya panya amewekewa mitego kwenye ukingo huo. Kuna jirani mmoja ambaye hakukubali, na sababu zake ni nzuri, kwa kuwa shamba lake liko mwisho wa mfereji na panya humwathiri kuliko sisi, kwa hiyo hatukumlazimisha.

Msimu huu jozi iliyozalia kwenye ukingo huo ilitoka na vifaranga tisa. Wawili walipotea wiki ya kwanza, na ninamshuku kenge aliyekuwa akiota jua kwenye banio dogo. Mmoja alichukuliwa na mwewe mchana kweupe mbele ya macho yetu, wazazi wote wawili wakiwa wanapiga mluzi. Sita waliobaki walivuka hadi eneo la jirani maji yalipofungwa kwetu, na mara ya mwisho kuwaona walikuwa na manyoya ya mwili kamili, nyuso zao zikiwa bado za kijivu, maana weupe huja baadaye, na mabawa yao yalikuwa mafupi mno kuwainua.

Wenye mashamba ya Ndungu, Mombo, Ahero na Mwea, naomba mtuwekee hapa wiki mnayopandikiza na wiki mnayoona vifaranga wa kwanza majini, pamoja na aina ya mbegu. Mbarali, nakuomba na wewe utuandikie siku kundi linapoacha kuja usiku, kwa sababu nadhani ndiyo siku jozi zinapoanza kutengana, na tukiijua mtaacha kukesha mapema kuliko mnavyoacha sasa.